Sahihi Kabla ya Kufungiwa Kuku

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, mimi ambaye sina tena pa kuchelewa. Asanteni. Hotuba zilikuwa nzuri, kuku walikuwa wengi, na vilipobaki vya kubaki nikamwambia yule binti wa kaunta, "Nifungie haya mapaja mawili, nina wajukuu nyumbani." Binti akainamisha macho, akafungua droo, akanitolea karatasi.

"Mama Kerubo, samahani. Meneja mpya amesema kila mtu atie sahihi kwanza. Kwamba ukienda na chakula nyumbani, likitokea la kutokea, hoteli haimo."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Meneja wenu, yule kijana ambaye tai inamkaba kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, akadhani nimefurahi. "Ni mambo ya kisasa, Mama," akaniambia. "Tulifundishwa semina." Mambo ya kisasa! Kijana, hayo mambo ya kisasa niliyaona Kisii mjini mama yako bado anatambaa. Basi kuku nikamwacha hapo hapo kaunta, karatasi nikaja nayo nyumbani, na sasa nimeketi chini ya saa yenu kuwaandikia nyinyi mnaobaki na masinia.

Mishahara sitaitaja, ilikuwa midogo na haina hadithi. Vyeo navyo nilipewa, vikanyang'anywa, nikapewa tena, na chai ilimwagika vilevile. Nitawaambia jinsi nilivyofundishwa kufunga chakula, na jinsi karatasi moja ilivyotaka kumvunjia binti wa watu ndoa.

Nilianza kazi mwaka uliofuata Uhuru, katika hoteli moja iliyokuwa juu kidogo ya stendi ya mabasi. Jina lake silitaji, kwa sababu mwenyewe bado yu hai na bado anapenda karatasi. Sisi wafanyakazi tulimwita Tajiri, na aliitika kwa raha. Alikuwa mtu wa huku huku, mfanyabiashara wa pareto na baadaye chai, mwenye koti la suti alilolivaa hata jua likiwaka. Siyo mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na mwoga mwenye muhuri wa mpira ni hatari kuliko mlevi mwenye panga.

Wakati huo msichana kuhudumu hotelini lilikuwa jambo la kuwafanya shangazi zako wafunge na kuomba. Baba yangu alikubali kwa sababu moja tu: mpishi wa pale, Mzee Ombati wa Magwagwa, alikuwa mzee wa kanisa letu la Wasabato. "Kama Ombati yuko jikoni," baba alisema, "shetani atabaki stendi." Nami nilimwita Ombati Tata, kama tunavyowaita baba zetu.

Tata alijifunza kupika katika nyumba za Wazungu huko mashamba ya chai ya Kericho. Alirudi na kisu kilicholika kwa kunolewa mpaka kikawa chembamba kama jani la kitunguu, mwiko mrefu ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, na dharau isiyo na kifani kwa mtu yeyote anayetia maji kwenye mchuzi. Siku yangu ya kwanza nilidhani atanifundisha kubeba sahani. Wapi! Alinipeleka nyuma ya jiko, kwenye migomba.

"Sahani utazoea," aliniambia. "Ukiangusha sahani umeangusha sahani. Njoo nikufundishe kufunga."

Akanionyesha kuchagua jani ambalo upepo haujalichana. Unakata ule uti wa kati, unalipitisha jani juu ya moto polepole mpaka linabadilika rangi, linang'aa, linalegea. Ukiwa na haraka linapasuka na mchuzi unaishia kwenye kanzu ya mtu. Kamba ni ya gome kavu la mgomba uliloloweka. Nyama peke yake, obokima peke yake (ndio ugali wetu huo, ule wa wimbi), na usifunge kitu kikiwa bado kinafuka, acha kipumue kwanza. Yote hayo nilishika upesi. Lakini kisha akachukua kipande cha nyama ninachotaka kufunga, akakimega kidogo, akanipa.

"Onja."

"Tata, nimeshiba."

"Nani amekuuliza kama umeshiba? Mgeni anapoomba kufungiwa, unamega mbele ya macho yake, unatafuna, unameza. Ndipo unafunga. Ndipo unampa kwa mikono miwili."

"Lakini si amekwisha kula hapa, na hajaanguka?"

"Yeye amekula. Watu wa nyumbani kwake hawajui sura yako. Hicho chakula kinakwenda kuliwa mahali ambapo wewe hupo. Onja, akawaambie ameona."

Kwetu Gusii hilo halikuwa jambo geni. Mama yangu hakuwahi kumpa mgeni kibuyu cha uji bila yeye mwenyewe kupiga funda la kwanza. Lakini sikudhani kwamba desturi ya uji ingenifuata mpaka mjini, kwenye hoteli yenye vitambaa vya mezani. Nikaonja. Miaka ile yote nilionja, na kama mnashangaa kiuno hiki kilitoka wapi, sasa mnajua.

Na watu walifungiwa, jamani! Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wasabato hawapiki Sabato, nayo huanza Ijumaa jua likizama, kwa hiyo Ijumaa mchana mji mzima ulikuwa unakimbizana na jua. Waalimu, makarani, mafundi cherehani, kila mmoja anakula nusu na nusu inaingia kwenye jani, ikaliwe baridi kesho yake baada ya ibada. Wakatoliki nao walicheka, kisha wakafungiwa vilevile. Walikuja pia akina mama wa Ogembo waliokuwa na wagonjwa hospitalini, wanakula vijiko viwili na kilichobaki wanapeleka wodini.

Wakubwa wa ofisini hawakusema wanataka kupeleka chakula nyumbani. Hapana, ingewashushia hadhi. Wao walisema, "Nifungie hii, ni ya askari wangu." Askari wa kulinda nyumba, hao walikuwa askari gani! Walikula maini ya kukaanga. Walikula pilau, tena isiyo na pilipili nyingi kwa sababu ya tumbo. Kulikuwa na karani mmoja wa bima, tulimwita Bwana Bima, ambaye askari wake alikuwa akipenda kidari cha kuku na kuchukia shingo. Siku moja askari mwenyewe alikuja kumtafuta, mtu mwembamba, koti linamning'inia, na tulipomuuliza kuhusu kidari alidhani tunamtukana.

Ni huyo huyo Bwana Bima aliyetuletea balaa. Ijumaa moja miaka ile ya sabini ikianza, alifungiwa nusu kuku, akaitia nyuma ya gari, akaenda matangani Masimba. Alikwenda kulia wafu akala cha matanga akamsahau kuku. Gari likashinda juani Jumamosi nzima. Jumapili akamkumbuka. Jumanne alikuja hotelini amekonda, uso wa majivu, akasimama katikati ya wateja na kusema tumempa sumu.

Tata alitoka jikoni, akafuta mikono.

"Pole sana, bwana. Ulikula lini?"

"Jumapili!"

"Na askari alikula?"

Hoteli nzima ikaangua kicheko, hata yule mzee wa meza ya mwisho aliyekuwa hasikii vizuri, alicheka kwa kuwa wenzake wanacheka. Mtu akichekwa hivyo hasamehi. Bwana Bima alinyoosha kidole kwa Tajiri: "Tutaonana kwa wakili!"

Hakukuwa na wakili wowote. Bwana Bima alinunua dawa ya tumbo dukani, akapona, na mwezi uliofuata askari wake alikuwa anakula kidari tena. Lakini lile neno wakili lilimwingia Tajiri kama funza. Alikonda yeye badala ya mgonjwa. Mwisho akaenda kwa kijana mmoja aliyekuwa akipiga taipu ofisi ya mawakili, akarudi na bunda la karatasi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Kuanzia leo," alitutangazia, "hakuna kufunga bila sahihi."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza kirefu, sentensi moja inaanza juu na kuishia chini pamoja na pumzi yako. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, nikapewa kazi ya kuwasomea wateja kwa Kiswahili. Ilisema hivi: mimi ninayetia sahihi hapa nakubali kwamba kama baada ya kuondoka na chakula hiki nitaugua, au nitaumia, au nitakufa, mimi au mtu yeyote wa nyumbani kwangu, mwenye hoteli na watu wake hawana lawama. Chini kulikuwa na mahali pa sahihi, mahali pa kidole gumba, mahali pa muhuri, na mstari uliopigwa taipu: Mpishi wa zamu, Ombati.

"Na kuonja?" Tata aliuliza.

"Kuonja basi," Tajiri akasema. "Mfanyakazi kula chakula cha mteja ni uchafu. Sasa tuna karatasi."

Tata akarudi kwenye moto wake. Sikuwahi kumwona akipiga chapati kwa nguvu namna ile.

Kwa Kiswahili ile karatasi ilikuwa inachekesha. Wateja wengi, hasa wazee, walitaka niwaelezee kwa Ekegusii, na kwa Ekegusii haikuchekesha hata kidogo. Fikirini wenyewe. Mtu anakupa chakula. Haonji. Kabla hujakibeba anakwambia, ukifa wewe na watoto wako, mimi simo. Nyumbani kwetu ni mtu wa aina moja tu anayejitoa mapema kwenye msiba ambao bado haujatokea, naye hatumwiti mwenye hoteli. Tunamwita omorogi, mchawi, mtia sumu. Tajiri alikuwa Mkisii kama sisi, amenyonya maziwa yale yale, lakini karatasi ilikuwa imemziba macho kwa uzuri wake.

Wiki za kwanza ilikuwa sarakasi. Mwalimu mkuu mmoja alitoa kalamu nyekundu, akasahihisha Kiingereza chote, akatuachia maksi na maneno "jitahidi zaidi", wala hakutia sahihi. Mzee mwingine wa kanisa alifika Ijumaa jua likikaribia kilima, akasimama na kalamu mkononi kuuliza kama kutia sahihi ni kazi au si kazi, na jua likizama kati ya herufi ya kwanza na ya pili, dhambi itakuwa ya nani. Tukamwitia Tajiri. Tajiri akasema dhambi nayo haimo kwenye majukumu ya hoteli. Wasiojua kuandika walichovya kidole kwenye wino wa zambarau, kisha kwa kidole hicho hicho wakamalizia obokima wao. Bibi mmoja, nilipofika kwenye neno "nitakufa", alitema kilichokuwa mdomoni akaniuliza kwa upole kabisa kama vile alivyokwisha kumeza navyo vina karatasi yake.

Siku ya soko mambo yalikwisha kuenea. Watu walipita mbele ya mlango wetu wakiambiana, "Hapo wanakupa kuku na tanzia." Meza zikaanza kubaki wazi. Tajiri akasema ni msimu mbaya wa pareto.

Sasa, Tata alikuwa na binti anaitwa Moraa, mwalimu wa shule ya msingi, msichana mrefu mpole ambaye hata akigombeza watoto alikuwa kama anawaomba radhi. Alikuwa ameposwa na kijana mmoja wa Ogembo aliyekuwa karani kituo cha kununulia majani ya chai, na walipendana, tuliona sote. Kilichobaki ni esigani kumaliza kazi yake. Esigani kwetu ni mtu wa kati anayetumwa kuuchunguza ukoo kabla ya ndoa: wana magonjwa gani, wana wizi, wana ugomvi, na zaidi ya yote, wana uchawi. Akisema hapana, ni hapana, hata kama mmekwisha kuchagua jina la mtoto wa kwanza.

Mchana mmoja akaingia mama mmoja wa makamo, leso mbili, macho kama ya mkaguzi wa mizani. Akachagua meza inayotazama mlango wa jikoni. Alikula taratibu, akachunguza kucha zangu, akaniuliza mpishi anakunywa pombe? Mama yake alikuwa wa ukoo gani? Nikajua. Nikakimbia jikoni.

"Tata, esigani yuko meza ya mlangoni."

Tata akaacha kukoroga. Akachagua paja zuri kuliko yote, akalimwagia mchuzi. Yule mama, jina lake Nyaboke, Omong'ina kwa heshima ya umri, shangazi wa bwana harusi, alipolionja alifumba macho. Kisha akasema maneno tuliyokuwa tukiyangoja: "Nifungie hili lililobaki. Wa nyumbani nao waujue mkono wa mzee huyu."

Nilikuwa nimekwisha kuleta jani. Nilikuwa nimenyoosha mkono nimege, karatasi au hakuna karatasi. Hapo Tajiri akatoka nyuma ya kaunta na bunda lake, anatabasamu mpaka masikioni.

"Mama, ni utaratibu tu. Kidogo tu hapa chini."

"Inasema nini?"

Akamweleza mwenyewe, kwa Ekegusii safi, bila kuacha hata kifo kimoja. Nilimkanyaga mguu. Akauondoa mguu akaendelea.

"Kwa hiyo," Nyaboke aliuliza, "wewe mwenye nyumba unasema anayekula hiki anaweza kufa."

"Anaweza, Mama. Ndiyo maana tunaandika."

"Na aliyepika ni Ombati wa Magwagwa."

"Ni yeye. Jina lake hili hapa."

"Na muhuri huu ni wako?"

"Wangu kabisa!" Na kwa furaha ya kuulizwa akaugonga tena, mara ya pili, pembeni.

Nyaboke akaikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani. Kuku akamwacha mezani.

Ujumbe kutoka Ogembo ulifika kabla ya mwisho wa mwezi: ndoa isimame. Moraa alikuja nyuma ya jiko amevaa nguo zake za shule, akakaa kwenye gogo la kuni, akalia bila sauti huku akijipangusa chaki kwa machozi. "Wanasema ni baba," aliniambia. "Wanasema tajiri wake mwenyewe ameandika." Na haikuishia hapo. Sabato iliyofuata, kanisani kwao Magwagwa, washirika walikula pamoja baada ya ibada kama kawaida, kila nyumba na chungu chake. Sufuria ya mke wa Tata ilirudi nyumbani imejaa kama ilivyokwenda. Tata aliibeba mwenyewe njia nzima, mbele ya watu, na Jumatatu akaja kazini akavua aproni.

"Tajiri, nitoe kwenye hiyo karatasi yako."

Tajiri alishtuka kweli kweli. "Ombati, ndugu yangu, wewe tena? Hakuna aliyekushtaki. Hiyo ni ya kutukinga sisi sote! Tena nitakuandikia nyingine. Ya kusema chakula chako ni salama. Na muhuri."

"Ya kwanza imeniua," Tata alisema, "unataka ya pili inizike." Akachukua kisu chake na mwiko wake, akaondoka. Jikoni akaletwa binamu ya Tajiri, ambaye mchuzi wake ungeweza kuosha nao madirisha.

Mimi hasira zangu mnazijua. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda Ogembo, nikamkuta Nyaboke akipalilia migomba, nikamwambia mambo yote, kuanzia Bwana Bima mpaka funza wa wakili. Alisikiliza akiegemea jembe.

"Mwanangu, mimi siyo mjinga," alisema. "Nilionja ule mchuzi. Mtia sumu hapiki hivyo. Lakini nimetumwa kuchunguza, nimepewa neno baya lenye muhuri, mara mbili. Nikilificha, halafu mtoto wa kwanza apate mafua tu, ukoo mzima utasema Nyaboke alijua."

"Kumbe na wewe unataka karatasi ya kukukinga!"

Alinikazia macho, nikadhani atanipiga na jembe. Kisha akacheka, akacheka sana, akakaa chini. "Sawa," akasema. "Tutakuja kwa Ombati Jumapili. Lakini hatugusi kitu mpaka mwenye muhuri aje, ale kwanza, mbele yetu. Akila, nitasema nimeona. Asipokula, usinirudie tena."

Kumleta Tajiri hakukuwa kazi ngumu. Hoteli ilikuwa imebaki na nzi na binamu. Alivaa suti.

Nyumbani kwa Tata palifagiliwa mpaka udongo ukang'aa. Wageni wa Ogembo waliketi upande mmoja na bwana harusi wao katikati, sisi upande mwingine. Chakula kikaja: kuku wawili, obokima wa wimbi ndani ya ekee, kile kikapu chetu cha ugali, na mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa. Moraa akapita na birika na beseni, watu wakanawa. Halafu hakuna aliyenyoosha mkono. Tata akamega, akatafuna, akameza, kama alivyonifundisha. Wageni hawakutikisika. Nyaboke akageuza shingo akamtazama Tajiri.

Tajiri akamtazama kuku.

Haki ya Mungu sitasahau ule uso. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Miezi ile yote alikuwa akiwaambia watu kwamba wanaweza kufa, mpaka na yeye mwenyewe alikuwa ameamini. Alikuwa anaogopa! Mtu aliyekula mkono wa Ombati tangu bendera ya Mwingereza bado iko juu!

"Anzeni nyinyi," alisema. "Mimi... nilikunywa chai."

Nilitaka kumrukia. Wazee wawili wa Ogembo wakaanza kushika fimbo zao. Bwana harusi akainamisha kichwa. Moraa alikuwa bado amesimama mbele ya Tajiri na birika, na yule msichana ambaye hakuwahi kumpazia mtu sauti, akasema watu wote wakisikia:

"Tajiri, mimi nimekua kwa chakula cha baba. Niangalie. Nimekufa?"

Tajiri akamwangalia. Akatia mkono kwenye ekee, akakata tonge, akashika paja. Tafuna ya kwanza alitafuna kama anayetafuna msumari. Ya pili akalegea. Ya tatu akaliita bakuli la mchuzi lisogee karibu. Alikuwa amekula chakula cha binamu yake majuma mengi, maskini. Nyaboke alimwacha ale mpaka mfupa ukabaki mweupe, ndipo akasema, "Nimeona," na mikono yote ikaingia kwa pamoja. Nilimwona Tata akigeuka kuangalia ukuta, mabega yanatikisika, na mimi nikalia bila haya mbele ya chinsaga.

Wageni walipoinuka, Nyaboke akaomba kufungiwa wa nyumbani, na Tata akaonja, akafunga, akampa kwa mikono miwili. Hapo ndoa ikawa imekwisha kufungwa, kanisa lilikuja kuandika tu. Tukawa tunaagana uani. Tajiri akazunguka zunguka, akakohoa, akamsogelea Tata.

"Ombati, ile firigisi iliyobaki... nifungie kidogo. Ni ya askari wangu."

Kabla Tata hajajibu, Nyaboke alikwisha kutia mkono kifuani. Akaikunjua ile karatasi, mikunjo minne, mihuri miwili, akamtandazia Tajiri mbele ya watu wote.

"Sahihi kwanza."

Watu walianguka. Mzee mmoja wa Ogembo alishikilia mgomba. Tajiri akacheka nao, kisha akaona Nyaboke hacheki, bado amemnyooshea. Akaichukua. Nadhani siku hiyo ndiyo aliyoisoma kwa mara ya kwanza kama mtu anayetakiwa kuitia sahihi.

"Hapa inasema mke wangu akifa..."

"Ni shauri lako."

"Na watoto?"

"Shauri lako."

Mkono uliokwenda mfukoni kutafuta kalamu ukarudi mtupu. Tata akaja, akaitoa karatasi vidoleni mwake. Akamega firigisi, akatafuna, akameza. Akafunga kwenye jani. Akampa kwa mikono miwili.

Jumatatu Tata alikuwa jikoni na mwiko wake, na bunda lote la karatasi lilikuwa chini ya karai, linawasha moto wa mandazi. Tajiri alisimama nyuma ya kaunta, hajui aangalie wapi. Nikampelekea chai.

"Tajiri, na askari? Alishiba?"

"Alishiba sana," akasema kwa heshima kubwa. "Alilamba mpaka jani."

Nyumbani kwa Tajiri hakukuwa na askari. Kulikuwa na mbwa, na hata mbwa siku ile hakuambulia kitu.

Basi, watoto wangu, karatasi yenu ninayo hapa mezani, nzuri, imepigwa chapa ya rangi. Mwambieni meneja wenu nimemkaribisha nyumbani Jumapili yoyote apendayo, nitampikia, na akitaka cha kubeba nitamega mbele yake ndipo nimfungie. Sahihi simwombi. Aniambie tu ni ya askari.